Kunyamaza Si Kutojua

Miaka kadhaa iliyopita nilimnyima mwanafunzi alama alizostahili. Hakukata rufaa, hakunung'unika, wala hakuja ofisini kwangu kuuliza. Aliyelibeba jambo hilo ni mimi, na nimelibeba kwa muda mrefu kiasi cha kuona heri nilitue mbele yenu wasomaji wangu, ambao wengi ni wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma. Naamini kila mmoja wenu amewahi kusimama upande mmoja wa meza ile: ama akiuliza, ama akiulizwa.

Alikuwa msichana wa mwaka wa pili katika darasa langu la uchumi wa kisiasa. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwasilisha mada kwa dakika 15, kisha kujibu maswali. Yeye alichagua mfumo wa stakabadhi ghalani, ule ambao tangu mwaka 2007 umetumika kuuza korosho katika mikoa ya kusini: mkulima anapeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zinahifadhiwa ghalani, zinauzwa kwa mnada, naye anasubiri malipo. Aliwasilisha vizuri, kwa Kiingereza kilichoandaliwa kwa uangalifu, macho yakienda kwenye karatasi na kurudi. Alipomaliza nikamuuliza swali. Kwa kusema kweli, yalikuwa maswali matatu niliyoyafunga katika furushi moja. Bei ikianguka baada ya mkulima kupokea malipo ya kwanza, nani anabeba hasara? Ni mazingira gani yanaweza kuihamisha hasara hiyo? Na je, hali hiyo inatofautianaje na ile ya vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976? Yote hayo niliyasema kwa Kiingereza, kwa pumzi moja, kama tunavyopenda kufanya sisi wenye shahada nyingi.

Alinyamaza. Akafungua kinywa, akakifunga. Nikarudia swali, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, nikiongeza maelezo ambayo niliamini yangemsaidia. Akatazama dari. Mwishowe akaomba radhi, akaketi. Nikaandika 9 kati ya 20, na pembeni nikaandika kwamba hana uelewa wa kina wa mada yake.

Saa moja baadaye nilipita nyuma ya mgahawa nikiwa nakwenda zangu nyumbani. Nilimkuta chini ya mwembe na wenzake watatu, akiwaeleza habari ileile kwa Kiswahili. Aliwaeleza jinsi malipo ya kwanza yalivyokuwa yakitokana na mkopo ambao chama kinachukua benki; jinsi riba inavyoendelea kuhesabiwa wakati korosho zimelala ghalani; jinsi kila mkono unaopitiwa unavyokata chake; na kwamba mwisho wa safari mkulima hupokea kilichobaki, au hapokei kitu. Alimtaja baba yake. Alitaja foleni ya siku ya malipo na watu waliorudi nyumbani mikono mitupu. Lilikuwa jibu kamili la swali langu la kwanza na la pili, na lilikuwa bora kuliko lile nililokuwa nalo mimi kichwani.

Zilikuwa zimesalia siku mbili kabla ya kuwasilisha alama. Sikuibadili ile 9. Nilijiambia kwamba lugha ya kufundishia ni Kiingereza, kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba nikimhurumia mmoja nitakuwa nimewadhulumu wengine. Ni maneno ambayo kila mtumishi wa umma anayajua, na yana raha yake: yanamwezesha mtu kulala.

Kilichoniamsha ni kusoma nje ya fani yangu. Mimi si mtaalamu wa ubongo, na wenye fani yao naomba wanivumilie. Lakini nilipoanza kusoma namna ubongo unavyoshughulika na mzigo unaoongezeka, nilimwona yule msichana katika kila ukurasa.

Hebu, msomaji, fumba macho ukokotoe 47 mara 6 bila kalamu wala simu. Wengi wetu tutafanya hivi: 40 mara 6 ni 240, tunaiweka kando, 7 mara 6 ni 42, tunairudia ile 240, ambayo kwa bahati bado ipo, tunajumlisha, tunapata 282. Pale kando ulipoiweka ile 240 ndipo ninapotaka tupatazame. Wanasaikolojia hupaita mahali hapo kumbukumbu tendaji, yaani uwezo wa kushikilia jambo akilini kwa sekunde chache huku ukilifanyia kazi. Haya si maarifa yenyewe. Maarifa yako ghalani, na ghala ni kubwa. Kumbukumbu tendaji ni mizani iliyo mlangoni mwa ghala: kila gunia linaloingia au kutoka sharti lipite juu yake, na juu yake hayakai magunia mengi.

Hayakai mangapi? Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa, akikadiria kwamba mtu huweza kushika vitu 7 kwa mara moja, viwili pungufu au viwili zaidi. Mwaka 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walipendekeza kwamba tuutazame uwezo huo kama mfumo wenye sehemu zake: sehemu moja hurudia maneno na sauti kimoyomoyo, nyingine hushika picha na mahali vitu vilipo, na ya tatu husimamia, ikiamua kipi kiangaliwe na kipi kiachwe. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwa umelimbikizwa, akahitimisha kwamba mtu akizuiwa kurudia kimoyomoyo na kuvifunga vitu pamoja, uwezo wenyewe hushuka hadi vitu vinne hivi. Vinne, msomaji wangu. Watu hutofautiana, naam, lakini hatutofautiani kwa kiasi tunachotofautiana kwa vyeo na mishahara.

Sasa, mzigo unapoongezwa, ubongo hufanya nini? Lipo zoezi moja ambalo watafiti hulipenda. Unasomewa herufi moja moja. Mwanzoni unaulizwa kama herufi unayoisikia ni sawa na ile iliyotangulia, jambo ambalo ni rahisi. Kisha unaulizwa kama ni sawa na ile ya pili nyuma yake. Hapo unaanza kukunja uso. Kisha ya tatu nyuma, na hapo hata mtu hodari huanza kuteleza, kwa sababu kila herufi mpya inamlazimu aisukume foleni nzima hatua moja mbele huku akilinganisha. Mwaka 1997 Todd Braver na wenzake waliwalaza watu ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku, wakawapa zoezi hilo. Waliona kwamba kadiri mzigo ulivyoongezwa, ndivyo sehemu za mbele za ubongo, zile zilizo nyuma ya paji la uso, zilivyozidi kufanya kazi. Tafiti nyingine zimeonyesha jambo hilohilo katika sehemu za juu upande wa nyuma. Wakati huohuo mtandao mwingine, ule unaochangamka tunapokaa tukiwaza yetu, hufifia. Kwa maneno mengine, jibu la kwanza la ubongo kwa mzigo ni juhudi. Hunyang'anya nguvu kwingine na kuzipeleka panapohitajika.

Lakini juhudi ina kikomo, na kikomo hicho kimeonekana. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha katika toleo moja tafiti mbili zilizofanywa na makundi mawili tofauti kwa vyombo tofauti. Watu walionyeshwa vitu vyenye rangi, wakatakiwa kuvikumbuka kwa muda mfupi. Kutoka kitu kimoja hadi viwili, hadi vitatu, dalili za kazi katika sehemu ile ya nyuma ya ubongo zilipanda. Zilipofika vitu vitatu au vinne, zikasimama. Watafiti waliongeza vitu vingine, na ubongo haukuongeza chochote. Na ziko tafiti zilizoona kwamba mzigo ukipita kiasi, shughuli katika sehemu ya mbele huanza hata kushuka, kama punda aliyetambua kwamba mlima huu hauwezi, akasimama.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Yule msichana, wakati wa swali langu, alikuwa na vitu vingapi juu ya mizani yake? Sehemu tatu za swali. Maneno ya Kiingereza ya kulielewa. Fikra ya Kiswahili, au pengine ya Kimakonde, iliyobeba jibu. Maneno ya Kiingereza ya kulitafsiria. Sarufi ya kuyapanga. Darasa zima linalomtazama. Na hofu, ambayo wachunguzi wa hofu ya hisabati wametuonyesha kwamba nayo inakula nafasi ileile, maana mtu anayejiambia kimoyomoyo kwamba atashindwa anakuwa anafanya kazi mbili kwa mashine moja. Kisha mimi, kwa wema wangu, nikamwongezea maelezo.

Hata lile la kutazama dari nililitafsiri vibaya. Watafiti wameona kwamba watu wakiulizwa swali gumu huyaondoa macho yao usoni mwa muulizaji, na kwamba kufanya hivyo huwasaidia kukumbuka, kwa sababu uso wa mtu nao ni mzigo. Na mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kidogo kwa kila tarakimu ambayo mtu anaongezewa kukumbuka, kisha hunywea kadiri anavyozitaja. Ushahidi wa kazi aliyokuwa akiifanya ulikuwa machoni mwake. Mimi nilikuwa nikitazama fomu ya alama.

Ipo njia ya pili ambayo ubongo hukabili mzigo, nayo ndiyo inayotutoa katika huzuni: hufunga vitu pamoja. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliandika kuhusu wachezaji wa sataranji. Bingwa akionyeshwa kwa sekunde chache ubao uliotoka katika mchezo halisi, huweza kuupanga tena karibu wote. Mwanagenzi hupanga kete chache. Lakini kete zikitawanywa ovyo, ubora wa bingwa karibu wote hutoweka. Kumbe hakuwa na mizani kubwa kuliko sisi. Yeye huona mafurushi pale ambapo sisi tunaona kete moja moja. Sisi wa pwani hatukuhitaji kwenda mbali kuliona hili. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na fundi wa bao hufuatilia mtaji unaozunguka mara kadhaa akiwa ametulia tu, mkono haujagusa kete. Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mafundi hao, akaandika tasnifu nzima iliyotoka mwaka 1995. Somo lililowastahili wanazuoni wa Ulaya tulikuwa nalo barazani, tukiliita mchezo wa wazee wasio na kazi.

Nami nilikuwa nalo nyumbani. Mama yangu aliuza genge kwa zaidi ya miaka 20 bila daftari. Alikopesha nusu ya mtaa: nyanya, mkaa, mafuta ya taa, dagaa. Ukimuuliza, alikutajia deni la kila nyumba bila kukosea, kwa sababu kila deni lilikuwa limefungwa pamoja na mlango, mtoto aliyetumwa, na ahadi iliyotolewa. Miongoni mwa wanauchumi niliosoma nao sikuwahi kumwona aliyeweza kumshinda katika kazi hiyo.

Furushi, hata hivyo, halihami pamoja na mtu. Watafiti watatu walieleza mwaka 1980 habari za mwanafunzi mmoja wa Marekani aliyefanya mazoezi kwa zaidi ya saa 200 hadi akaweza kukumbuka tarakimu karibu 80 alizosomewa mara moja. Alikuwa mkimbiaji, na alizifunga tarakimu kama muda wa mbio. Walipombadilishia tarakimu wakampa herufi, alirudi kuwa mtu wa kawaida, akikumbuka sita hivi. Ndivyo ilivyo lugha. Aliyeimiliki lugha huona mafurushi. Asiyeimiliki hubeba punje moja moja. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza waliwasomea Waingereza maneno ya Kiitaliano wasiyoyajua, wakaona kwamba waliyakumbuka machache kuliko ya Kiingereza. Walipowafundisha maana zake, idadi waliyoikumbuka ikapanda. Vichwa vilikuwa vilevile, ila maneno yalikuwa yameanza kuwa yao.

Hapa naomba nisieleweke vibaya na wapenzi wenzangu wa Kiswahili. Sisemi kwamba Kiswahili ni chepesi kwa asili yake. Katika jambo la tarakimu ni kinyume: mwaka 1980 ilionyeshwa kwamba watu wa Wales, wanaozungumza lugha mbili, hukumbuka tarakimu chache zaidi wakizitaja kwa Kiwelisi kwa sababu tu majina yake huchukua muda mrefu kutamkwa, na sisi tunaosema moja, mbili, tatu, tano, tunatumia silabi mbili pale Kiingereza mara nyingi kinapotumia moja. Ninachosema ni kwamba mizani haiulizi lugha ipi ina heshima. Inauliza lugha ipi umeimiliki.

Na sisi tumejenga mfumo ambao mtoto wa shule ya serikali Tanzania Bara anajifunza kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anafunga mlango huo na kufungua mwingine kidato cha kwanza, siku ileile anapokutana kwa mara ya kwanza na fizikia, kemia na aljebra kwa kina. Yaani tunamwongezea magunia siku tunayompunguzia mizani. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, na palepale ikaahidi kuendelea kuimarisha Kiingereza katika kufundishia, nacho katika ngazi zote. Ukiisoma sera hiyo unaona taifa lililoulizwa maswali mengi kwa pumzi moja, likatazama dari.

Najua hoja za upande wa pili, na nyingine ni nzito. Mzazi anayejinyima ili mtoto wake asome shule ya Kiingereza si mjinga. Ameliona soko la ajira lilivyo. Mimi mwenyewe watoto wangu wanasoma huko, na sitawadanganya kwamba nimelipatia jambo hilo jibu linaloniridhisha. Sayansi ya ubongo haiwezi kutuamulia sera ya lugha, kwa kuwa sera ni suala la haki, gharama na historia. Lakini inaweza kutuzuia kusema uongo. Inatuzuia kumwita mtoto mzito wa kufahamu wakati tumembebesha mzigo ambao hata sisi tusingeubeba. Na Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo, na walimu waliokiiva, pengine watoto wangekijua zaidi kuliko wanavyokijua sasa kwa kukiogopa katika kila kipindi.

Wala jambo hili haliishii darasani. Baba alipofariki, nilimsindikiza mama kufuatilia mafao. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu. Alimwamkia, kisha akaanza. Kikao cha ukoo kikae, kiandike muhtasari, muhtasari ugongwe muhuri na mtendaji, kutoka hapo twende mahakama ya mwanzo kwa barua ya usimamizi wa mirathi, tulete cheti cha kifo na cheti cha ndoa, nakala zithibitishwe na wakili, picha mbili, namba ya akaunti iliyo hai, na majina yote yafanane na ya kitambulisho, yasipofanana tukale kiapo. "Umeelewa, mama?" Mama akajibu, "Nimeelewa, mwanangu." Tulipofika getini akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Amesema tuanzie wapi?"

Mwanamke yuleyule aliyebeba madeni ya nusu ya mtaa kichwani. Alikuwa mjane wa wiki tano. Kichwani mwake tayari kulikuwa na msiba, kodi ya nyumba na ndugu waliokuwa wakimpigia simu. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao waliandika kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, akiwa hana fedha, kuliko baada ya mavuno, akiwa amelipwa. Wapo wataalamu walioihoji takwimu ya utafiti huo, na mjadala ni wa haki. Lakini yeyote aliyewahi kusubiri malipo ya pili ya korosho, au mshahara uliochelewa, anajua kwamba shida hukaa kichwani na kuchukua nafasi. Dola inayompa mtu wa namna hiyo masharti tisa kwa mdomo, kisha ikamlaumu kwa kurudi bila nakala moja, imefanya kosa langu lilelile, tena kila siku, kwa kila dirisha.

Mtumishi wa dirishani naye ana mizani yake. Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wodi iliyojaa, afisa mwenye mafaili yaliyofika dirishani, mwalimu mwenye darasa la watoto mia: ubongo ukizidiwa huangusha kitu, na mara nyingi huangusha kile kisichopiga kelele. Huangusha swali la nyongeza, salamu, uchunguzi wa mara ya pili. Tunauita uzembe au kukosa maadili, na mara nyingine ni hivyo kweli. Mara nyingine ni hesabu tu.

Dawa yake si ngeni, na sehemu ya ushahidi imetoka hapahapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha ya ukaguzi ya vipengele 19 kwa ajili ya vyumba vya upasuaji, lilichagua hospitali nane katika miji minane ya dunia. Pamoja na London, Toronto na New Delhi ilikuwamo Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna daktari aliyeongezewa akili. Kilichofanyika ni kuhamisha sehemu ya mzigo kutoka kichwani kwenda kwenye karatasi, na kuwalazimu watu wasimame kidogo wasemezane. Kama karatasi moja inaweza kufanya hivyo penye damu na visu, inaweza kumfaa mjane dirishani: ukurasa mmoja wa Kiswahili, hatua zimepangwa kwa namba, ya kwanza ikiwa ya kwanza.

Darasani kwangu nimebadili mambo madogo. Swali naliandika ubaoni, moja kwa wakati mmoja. Baada ya kuuliza nanyamaza dakika mbili, na hizo dakika mbili, niwaambie ukweli, ndizo zinazonichosha kuliko mhadhara mzima. Mwanafunzi akikwama, namwambia afikiri kwanza kwa lugha yoyote, kisha tutafute pamoja maneno ya mtihani. Sijavunja kanuni yoyote. Nilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Mwaka jana nilikutana naye. Ilikuwa katika mkutano wa wadau wa ushirika. Yeye sasa ni ofisa, ana kitambulisho shingoni na kalamu tatu mfukoni. "Shikamoo, mwalimu," akasema, na nikaitikia marahaba kwa sauti isiyonitoka vizuri. Wakati wa chai nilimwita pembeni nikamweleza yote: ile 9, mwembe, zile siku mbili. Nilimwomba radhi. Alicheka kwa upole, kama mtu anayekumbushwa gauni alilovaa zamani.

"Mwalimu, lile swali nilikuwa nalijua," akasema. "Nilikuwa natafuta Kiingereza cha 'makato'. Nikikipata, swali lako linakuwa limeniponyoka. Nikilishika swali, neno linaondoka."

Kisha akaniuliza kama ninaweza kuwapeleka wanafunzi wangu wakati wa msimu wakakae siku chache kwenye chama cha msingi, wayasome madaftari wenyewe na kuwasikiliza wakulima. Nimekubali. Ametoa sharti moja, kwamba maswali yote siku hizo yaulizwe kwa Kiswahili, na kwamba wakulima wasiulizwe zaidi ya moja kwa mara moja.